Winooski au Burlington? Wilaya mbili za shule za Vermont kwa mzazi anayetafuta nyumba

Familia zinazozungumza Kiswahili zinazofika kaskazini mwa Vermont, nyingi zikitokea Kivu kupitia kambi za Tanzania, Uganda au Burundi, na nyingine zikihama kutoka majimbo mengine ya Marekani, hukutana na swali moja mapema sana: tupange Burlington au Winooski? Mara nyingi bei ya pango ndiyo inayojibu. Mwenye nyumba wa kwanza kukubali familia kubwa ndiye anayeipata. Lakini Marekani anwani ya nyumba ndiyo inayompangia mtoto shule, na miji hii miwili, ambayo unavuka daraja kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine, ina wilaya mbili tofauti za shule za umma. Kila wilaya ina bodi yake, bajeti yake na msimamizi wake. Kwa hiyo aliyechagua nyumba amechagua shule, ajue asijue.

Wazazi wanapouliza kuhusu wilaya hizi huuliza kwanza kama watoto wanafaulu, kisha huuliza kama kuna watoto wa kwetu pale. Fedha haziulizwi. Mimi nitazipa nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu idadi ya walimu wa Kiingereza, uwepo wa mkalimani na ukubwa wa darasa vyote vinaanzia huko.

Ukubwa

Burlington ndio mji mkubwa kuliko yote Vermont, ingawa kwa macho ya mtu aliyekulia Bukavu au Mwanza ni mji mdogo: watu 44,743 kwa sensa ya 2020. Wilaya yake ina wanafunzi takriban 3,500. Kuna shule kadhaa za msingi, shule mbili za kati za Edmunds na Hunt, sekondari moja, na kituo cha ufundi. Winooski ilihesabiwa watu 7,997 mwaka huohuo, na wilaya yake ina wanafunzi karibu 800 tu, kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili, wote katika kiwanja kimoja.

Pima jambo hilo kwa familia ya watoto watano. Winooski, wa miaka sita na wa miaka kumi na saba wanaingia geti moja asubuhi, na mkubwa anaweza kumshika mdogo mkono. Mama anakariri namba moja ya simu ya shule. Mfanyakazi wa shule anayesema Kiswahili akishamjua mama huyo, amewajua watoto wake wote. Burlington familia hiyohiyo inaweza kuwa na shule tatu, ratiba tatu, na vikao vitatu vya wazazi katika wiki moja, wakati baba yuko zamu ya usiku kiwandani. Usafiri nao ni tofauti. Winooski mtoto hutembea, kwa sababu mji wote ni kama maili moja kwa upana. Burlington kwa miaka mingi haijawa na yale mabasi ya njano ya shule. Wanafunzi hutegemea mabasi ya mji. Januari, theluji ikifika magotini na upepo ukitoka Ziwa Champlain, jambo hili si dogo hata kidogo.

Udogo una bei yake pia. Sekondari ndogo haiwezi kuwa na kila somo. Mwalimu mmoja wa fizikia akiondoka, somo linaweza kuyumba mwaka mzima. Timu za michezo hukosa wachezaji wa kutosha. Na kijana aliyegombana na wenzake hana kona ya kujificha, kwani atakutana nao darasani, bwaloni na njiani.

Watoto wanaosoma pale

Winooski ulikuwa mji wa viwanda vya sufu. Wafanyakazi wengi walikuwa Wakanada wa Kifaransa, na viwanda vilipofungwa mwaka 1954 mji ulidhoofika kwa muda mrefu. Nyumba za bei ya chini zilizobaki ndizo zilizowapokea wageni wa baadaye: Wavietnamu, kisha Wabosnia miaka ya 1990, Wasomali wa Kibantu kuanzia 2003, Wabhutani wanaosema Kinepali kuanzia 2008, na Wakongomani. Leo wengi wa wanafunzi wa Winooski si Wazungu, ndani ya jimbo ambalo takriban watu tisa kati ya kumi ni Wazungu. Karibu theluthi moja yao wako katika mpango wa kujifunza Kiingereza. Hakuna wilaya nyingine Vermont iliyo na mchanganyiko wa namna hii.

Burlington nayo imepokea wageni kwa miongo mingi, hasa katika mtaa wa Old North End, ambako utasikia Kiswahili dukani na kwenye kituo cha basi. Lakini ukichukua wilaya nzima, wanaojifunza Kiingereza ni sehemu ndogo zaidi ya wanafunzi, na hawakugawanyika sawa: shule ya mtaa mmoja inaweza kuwa na wengi, ya mtaa wa pili wachache. Kwa hiyo usiulize tu kuhusu Burlington. Uliza kuhusu shule ya msingi ya mtaa ule unaotaka kupanga.

Wanaosema Kiswahili hapa si watu wa aina moja. Yupo mtoto wa Uvira aliyesoma Kifaransa hadi darasa la sita, yupo wa Burundi aliyezaliwa kambini Kigoma na kusoma kwa Kirundi, yupo Msomali wa Kibantu ambaye nyumbani ni Kizigua na Kiswahili alikipata Kakuma. Shuleni wote huandikwa Kiswahili. Winooski na Burlington zote zina wafanyakazi wa kuunganisha shule na familia wanaozungumza lugha za wazazi, na Kiswahili kimo. Kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba, uliza mtu huyo anafanya kazi siku ngapi kwa wiki na anahudumia familia ngapi. Jibu lake litakufaa kuliko tovuti yoyote inayozipa shule alama kumi kwa kumi.

Wapo wazazi wanaoikwepa Winooski kwa hofu kwamba mtoto ataongea Kiswahili siku nzima na Kiingereza kimpite. Hofu hiyo naielewa lakini siikubali. Mtoto aliyefika juzi, asiyejua kuomba ruhusa ya kwenda chooni, akipata mwenzake wa kumtafsiria hesabu ile asubuhi ya kwanza, anajifunza hesabu. Asipompata, anakaa kimya miezi, na watu hudhani hajui kitu. Kiingereza kinakuja, kwa watoto wadogo kinakuja upesi hadi wazazi huanza kulalamika kwamba Kiswahili ndicho kinachopotea.

Matokeo ya mitihani

Hapa ndipo mzazi hutishika. Tangu 2023 watoto wa Vermont hufanya mtihani wa jimbo unaoitwa VTCAP, kusoma na hesabu kuanzia darasa la tatu hadi la tisa. Ukitazama asilimia ya waliofikia kiwango, Winooski iko chini ya wastani wa jimbo kwa umbali mkubwa, na Burlington huwa karibu zaidi na wastani huo. Mtu akisoma namba hizo peke yake ataamua palepale: twende Burlington.

Subiri kwanza. Mtihani huo ni wa Kiingereza. Sheria ya serikali kuu inaruhusu mtoto ambaye hajatimiza miezi kumi na mbili katika shule za Marekani asifanye mtihani wa kusoma mara moja, basi. Wa hesabu anaufanya, na mwaka unaofuata anafanya yote. Kwa hiyo mtoto aliyefika akiwa na miaka kumi, aliyepoteza miaka miwili ya shule kwa sababu ya vita, anapimwa kwa kipimo kilekile cha mtoto wa profesa aliyezaliwa Burlington, na matokeo yake yanahesabiwa. Wilaya yenye theluthi ya watoto wa namna hii haiwezi kufanana kwa namba na wilaya yenye wachache.

Kuna jambo la pili ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui. Mtoto akifaulu Kiingereza hutolewa kwenye orodha ya wanaojifunza, na matokeo yake yanaweza kuendelea kuhesabiwa humo kwa miaka minne tu baada ya hapo. Waliofanikiwa wanatoka, wapya wanaingia. Kundi hilo likiwa na walimu bora duniani bado litaonekana dhaifu kila mwaka, kwa sababu aliyeimarika hayumo tena.

Halafu kuna udogo wenyewe. Chukua mfano wa darasa la kuhitimu lenye wanafunzi 60. Mwanafunzi mmoja tu akihamia Ohio bila shule kupata karatasi za uhamisho, asilimia ya kuhitimu inashuka kwa karibu 1.7. Watatu wakiondoka, inashuka kwa tano, na mtandaoni itaandikwa kwamba shule imeporomoka. Burlington, yenye darasa kubwa zaidi la kuhitimu, haiyumbishwi hivyo na watoto watatu. Kwa wilaya ndogo tazama miaka mitano kwa pamoja, kamwe usitazame mmoja. Tazama pia kiwango cha kuhitimu kwa miaka sita, ambacho jimbo hukitoa pamoja na kile cha miaka minne. Kijana aliyeingia darasa la tisa bila Kiingereza mara nyingi huhitaji mwaka wa tano. Akihitimu kwa miaka mitano amehitimu, na hakuna mwajiri atakayemuuliza.

Basi mzazi apime kwa nini? Kuna mtihani mwingine, ACCESS wa WIDA, ambao kila mtoto anayejifunza Kiingereza huufanya mara moja kwa mwaka, kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Hupewa kiwango kuanzia 1 hadi 6. Uliza shuleni: mtoto anayeingia na kiwango cha 1 hapa hufika wapi baada ya miaka mitatu? Swali hilo moja linalinganisha Winooski na Burlington kwa haki, kwa kuwa linafuata hatua za mtoto mmoja tangu alipoanzia. Na mtoto wako akishaanza shule, omba karatasi ya ACCESS kila mwaka, na omba isomwe kwa Kiswahili. Ni haki yako. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumweka mtoto darasani bila kumsaidia lugha ni kumnyima elimu.

Fedha

Katika majimbo mengi ya Marekani mtaa tajiri una shule tajiri, kwa sababu shule hulipiwa na kodi ya majengo ya hapohapo. Vermont iliacha njia hiyo. Februari 1997 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua, katika kesi ya Brigham, kwamba mfumo ule unavunja katiba ya Vermont, na mwaka huohuo bunge la jimbo likapitisha Sheria namba 60. Tangu hapo kodi ya majengo ya shule huingia katika mfuko mmoja wa elimu wa jimbo zima, pamoja na kodi ya mauzo, mapato ya bahati nasibu na vyanzo vingine. Wilaya hupanga bajeti yake, wapiga kura huikubali au kuikataa Machi, na mfuko wa jimbo hulipa.

Kiwango cha kodi ya mji ndicho kinachobadilika. Hakifuati jumla ya matumizi; kinafuata matumizi kwa kila mwanafunzi. Na hesabu ya wanafunzi si hesabu ya vichwa, kwa maana baadhi ya watoto huhesabiwa kuwa zaidi ya mmoja kwa sababu kuwasomesha hugharimu zaidi. Wilaya ikiwa na watoto wengi wa namna hiyo, matumizi yake hugawanywa kwa idadi kubwa zaidi, na kodi hushuka. Tuseme wilaya ya watoto 800 inatumia dola milioni 16. Kwa vichwa ni dola 20,000 kwa mtoto. Lakini watoto haohao wakihesabiwa 1,600 kwa uzito wao, ni dola 10,000, na kodi inapangwa kwa hiyo 10,000.

Kwa miaka mingi uzito huo ulikuwa mdogo mno. Mtoto anayejifunza Kiingereza aliongezewa 0.20 tu, mtoto wa familia maskini 0.25, mwanafunzi wa sekondari 0.13. Ripoti ya watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Vermont, iliyokamilika mwisho wa 2019, ilionyesha kwamba namba hizo hazikulingana kabisa na gharama halisi. Winooski, Burlington na wilaya nyingine zilizoumia zilisimama pamoja kudai marekebisho, na mwaka 2022 ikapita Sheria namba 127. Sasa anayejifunza Kiingereza anaongezewa 2.49, maskini 1.03, na wa sekondari 0.39.

Mchukue kijana wa sekondari wa miaka kumi na tano, wa familia maskini, aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mwezi uliopita bila Kiingereza. Zamani, ukijumlisha nyongeza zote tatu juu ya moja lake, alihesabiwa kuwa watoto 1.58. Leo anahesabiwa 4.91. Ni kijana yuleyule. Zamani kila familia ya wakimbizi iliyoingia Winooski iliwafanya walipa kodi waogope bajeti ya shule. Sasa kuingia kwake kunaiwezesha wilaya kuajiri mwalimu mwingine bila kuwaumiza majirani. Sheria hii ilianza kutumika katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024, na ni mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyaona kwa watoto wetu Vermont. Burlington inafaidika. Winooski, kwa uwiano wake, inafaidika zaidi.

Sasa sikia sehemu inayomhusu mzazi moja kwa moja. Uzito huo hauji wenyewe. Unaletwa na fomu. Siku ya kuandikisha mtoto utaulizwa lugha inayozungumzwa nyumbani. Wapo wazazi wanaoandika Kiingereza, wakidhani ndivyo mtoto atakavyoheshimiwa au hatatengwa. Matokeo yake mtoto hapimwi, hapati mwalimu wa lugha, na wilaya haipati ule uzito wa 2.49. Andika Kiswahili, au Kibembe, au Kirundi, lugha yoyote mnayoongea kweli. Vivyo hivyo fomu ya kipato. Kwa sheria ya 2023 chakula cha asubuhi na cha mchana ni bure kwa kila mtoto katika shule za umma za Vermont, basi wengi huona fomu hiyo haina kazi tena. Ina kazi. Ukiijaza, umeiongezea shule ya mwanao nguvu, na haimfikii mtu wa uhamiaji.

Kuhusu fedha kuna wingu mbele. Mwaka 2025 Vermont ilipitisha Sheria namba 73, inayokusudia kubadilisha mfumo wote: kila mwanafunzi apewe kiasi cha msingi kilichopangwa na jimbo, na wilaya ziunganishwe ziwe kubwa, za wanafunzi 4,000 hadi 8,000 pale inapowezekana. Winooski na watoto wake 800 iko mbali na namba hiyo, na hata Burlington haifiki. Kamati iliyopewa kazi ya kuchora ramani haikuja na ramani ya kulazimisha miungano, na mjadala umeendelea. Anayehamia leo akiwa na mtoto wa chekechea asichague Winooski kwa imani kwamba bodi yake ndogo itakuwepo mtoto akifika darasa la kumi na mbili. Huenda ikawepo, huenda isiwepo. Shule yenyewe na walimu wake ndivyo vya kutegemea zaidi kuliko mipaka.

Majengo

Wapiga kura wa Winooski waliidhinisha mwaka 2019 mkopo wa dola milioni 57.8 kukarabati na kupanua shule yao yote. Kwa mji wa watu elfu nane ni uamuzi mzito, hasa kwa kuwa jimbo lilisimamisha ruzuku ya ujenzi wa shule tangu 2007. Leo mtoto wa Winooski anasoma katika majengo mapya.

Burlington ilipata pigo. Septemba 2020 sekondari yake, iliyojengwa miaka ya 1960, ilifungwa baada ya kugundulika kemikali za sumu ziitwazo PCB katika vifaa vya ujenzi. Machi 2021 wanafunzi walihamia katika jengo lililokuwa duka la Macy's katikati ya mji, madarasa yakitengwa kwa kuta zisizofika darini. Novemba 2022 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 165 kwa sekondari mpya yenye kituo cha ufundi ndani yake, iliyopangwa kufunguliwa 2026. Kwa hiyo upungufu huu wa Burlington una mwisho, na mwenye mtoto wa shule ya kati asiuhesabu sana.

Winooski ina kero ambayo ukarabati hauiondoi: kelele. Ndege za kivita za F-35 za kikosi cha anga cha Vermont, zilizofika mwaka 2019, huruka kutoka uwanja wa ndege wa Burlington ulio jirani kabisa. Kwa mtoto aliyekimbia mabomu, ngurumo ile si jambo la kuzoea kwa wiki moja. Nenda mtaani mchana wa siku ya kazi usikilize kabla ya kupanga, na mwambie mshauri wa shule kama mwanao anashtuka.

Kura

Winooski iliruhusiwa mwaka 2021 kuwapa wakazi halali wasio raia haki ya kupiga kura za mji na za wilaya ya shule. Walipiga kwa mara ya kwanza Machi 2022. Burlington ilifuata, wapiga kura wake wakikubali mwaka 2023. Katika mji wenye wapiga kura wachache, familia ishirini za Kikongo zinaweza kubadilisha matokeo ya bajeti ya shule. Burlington sauti hizohizo ishirini zipo, ila zinahitaji wenzao wengi zaidi.

Tahadhari nzito hapa. Ruhusa ni ya kura za mji na za wilaya ya shule tu. Asiye raia akijiandikisha au kupiga kura ya jimbo au ya taifa, hata kwa kudanganywa na mtu mwenye karatasi sokoni, anaweza kupoteza nafasi ya uraia na hata kufukuzwa nchini. Jiandikishe kwa karani wa mji mwenyewe, mwambie waziwazi kwamba wewe si raia, na kama una kesi ya uhamiaji zungumza na mwanasheria kwanza.

Kuhusu usalama wa shule, bodi ya Winooski ilipitisha Februari 2025 sera ya kuwa shule ya hifadhi, inayowaelekeza wafanyakazi namna ya kuwashughulikia maofisa wa uhamiaji wakibisha hodi. Familia nyingi zimelala vizuri kidogo kwa sababu hiyo.

Nani aende wapi

Familia mpya yenye watoto wengi wa rika tofauti, isiyo na gari, ambayo wazazi hawajajua Kiingereza: Winooski. Sina wasiwasi na ushauri huu. Kiwanja kimoja, watu wachache wa kuwajua, na wilaya ambayo mtoto anayejifunza Kiingereza si mgeni wa nadra bali ndiye wanayemfikiria kila wanapopanga ratiba.

Familia yenye kijana wa darasa la tisa au la kumi ambaye tayari Kiingereza kimemkaa, anayetaka masomo mengi ya sayansi, muziki au michezo ya ushindani: Burlington. Sekondari kubwa itampa uchaguzi ambao ndogo haiwezi kuumudu. Akipenda ufundi, kituo cha Burlington kinafundisha fani kama magari, afya na ufundi wa ndege. Mwanafunzi wa Winooski naye anaweza kuomba nafasi katika vituo vya ufundi vya eneo hili, ila mwenye kituo mjini kwake ana njia fupi zaidi. Kwa upande wa chuo, Sheria namba 77 ya 2013 inampa mwanafunzi wa darasa la kumi na moja au la kumi na mbili Vermont kozi mbili za chuo bila ada, na Chuo cha Jamii cha Vermont kina jengo lake Winooski, hatua chache kutoka darajani. Hapo Winooski haijaachwa nyuma.

Wenye watoto wa shule ya msingi tu ndio wenye kazi ngumu, kwa sababu tofauti kati ya shule na shule ndani ya Burlington inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya Burlington na Winooski. Hao waangalie mtaa, wamuulize mwalimu wa lugha, kisha waangalie pango.

Aliye na miaka kumi na saba au kumi na nane na hajasoma kabisa ndiye anayenihangaisha. Asikubali kuambiwa mlangoni kwamba amechelewa, aende kituo cha watu wazima. Omba maandishi, omba mkalimani, na uulize wilaya zote mbili mpango gani wanao kwa kijana asiyejua kusoma kwa lugha yoyote. Nenda na yule atakayekuonyesha ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa yenye majina ya walimu.

Siku ya kuandikisha

Peleka mkataba wa nyumba au bili ya umeme, kadi ya chanjo, na kitu chochote kinachoonyesha umri wa mtoto. Shule haina ruhusa ya kukunyima nafasi kwa sababu ya hali yako ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Kama bado mnaishi kwa ndugu, mmebanana sebuleni kwa kukosa nyumba, sema hivyo bila aibu. Sheria ya McKinney-Vento inawahesabu watoto hao kuwa hawana makazi. Wanaandikishwa mara moja hata karatasi zikiwa hazijakamilika, na mkipata nyumba upande wa pili wa mto katikati ya mwaka, mtoto ana haki ya kumaliza mwaka huo katika shule aliyoianza, na usafiri apewe. Kila wilaya ina mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo. Mtake kwa cheo chake: mratibu wa McKinney-Vento.